Njiti nne za kiberiti: jinsi akili ya mzee ilivyopimwa Hai

Kipimo cha kumbukumbu na ufahamu kilichoenea kuliko vyote katika hospitali za dunia kilitungwa Marekani mwaka 1975 na Marshal Folstein na wenzake. Kina alama 30, na kwa desturi anayepata chini ya 24 hutiliwa shaka kwamba ana dimensia. Hebu tukihesabu kwa macho ya mtu ambaye hakusoma. Alama tano ni za kutoa saba kutoka mia mara tano mfululizo, au kutaja herufi za neno kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Alama moja ni ya kusoma sentensi na kutii inachosema, moja ni ya kuandika sentensi, na moja ni ya kunakili pembetano mbili zilizoingiliana. Hizo ni nane. Bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu, hata akijibu mengine yote bila kosa, ataishia 22, naye ataandikwa kwenye orodha ya wanaoshukiwa kuugua huku akikumbuka ni nani anamdai debe la mahindi tangu mavuno ya mwaka juzi. Na bado hatujagusa swali la majira ya mwaka, lililotungwa na watu wenye majira manne ya theluji na jua, likaletwa kwa watu wanaohesabu masika na vuli.

Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ndiko tatizo hili lilikofanyiwa kazi kwa utaratibu unaostahili kuangaliwa kwa karibu. Karibu na mwaka 2010 watafiti wa Tanzania na wenzao wa Newcastle, Uingereza, walipita katika vijiji sita na kuwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Waliotiliwa shaka walichunguzwa upya na madaktari, na hesabu ya mwisho ikatoa asilimia 6.4 ya wazee hao kuwa na dimensia, kiwango kisicho mbali na cha nchi tajiri. Lakini aliyekuwa na miaka 70 wakati ule alizaliwa mnamo 1940, enzi za Mwingereza, shule zikiwa chache na mtoto wa kike akiwa wa mwisho kupelekwa. Kwa kundi kama hilo, kazi ilikuwa kutenganisha mambo mawili ambayo kipimo cha 1975 huyachanganya: kilichopotea kwa ugonjwa, na ambacho hakikuwahi kufundishwa. Kipimo kirefu kilichotumika kuwachuja kilikuwa kimetengenezwa mahsusi kwa jamii zenye elimu tofauti, ila kilihitaji muda na mafunzo ambavyo zahanati ya kijijini haina.

Walichofanya baadaye ndicho kiini cha hoja yangu. Hawakuketi ofisini wakajiuliza ni maswali gani yanafaa kwa Mwafrika. Walirudi kwenye majibu waliyokwisha kuyakusanya, ambayo tayari yalikuwa yamelinganishwa na uamuzi wa madaktari, wakatazama ni maswali yapi hasa yanamtenga mgonjwa na mzima. Swali ambalo wazima na wagonjwa hulikosa kwa pamoja halifai kitu, hata liwe zuri namna gani kitabuni. Yaliyofaulu mchujo huo, pamoja na machache yaliyoongezwa, yalizaa kipimo kilichopewa jina la IDEA na kuchapishwa mwaka 2014, chenye alama 15. Mzee huambiwa maneno kumi na kuombwa ayakumbuke baada ya muda. Huulizwa daraja ni nini, leo ni siku gani ya juma, na kiongozi wa kijiji anaitwa nani. Hupewa dakika moja ataje wanyama wote anaoweza. Mwisho huwekewa njiti za kiberiti. Alama saba kushuka huashiria uwezekano mkubwa wa dimensia, nane na tisa huacha shaka, kumi na kuendelea hutuliza.

Maswali haya yanaonekana mepesi, na wepesi wake umepimwa. Daraja, kwa mkazi wa Hai, ni kitu anachovuka: mito inashuka kutoka mlimani, na wa Kikafu unakatwa na barabara kuu ya Moshi na Arusha. Siku ya juma anaijua kwa gulio, kwa kanisa au kwa msikiti, wakati tarehe huenda ni jambo la wenye mshahara. Zoezi la njiti ndilo lenye ufundi zaidi, nalo lina asili yake Ibadan, Nigeria, ambako watafiti walichapisha mwaka 2005 jaribio la kupanga njiti badala ya kuchora kwa penseli. Mpimaji hupanga njiti nne kwa umbo fulani mezani, kisha humpa mzee nne nyingine na kumwomba atengeneze lile lile. Kinachotazamwa si umbo tu. Vichwa vya njiti navyo vinapaswa kuelekea upande ule ule kama kwenye kielelezo. Uwezo unaopimwa ni ule ule wa pembetano za Folstein, yaani kuona umbo, kulishika akilini na kulijenga upya. Kilichoondolewa ni kalamu, na kiberiti kipo katika kila jiko.

Wapo wanaosema haya yote ni kujisumbua: chukua kipimo cha zamani, kitafsiri, kisha ushushe alama ya mpaka kwa asiyesoma, kutoka 24 hadi 18, tuseme. Nchi nyingi zimefanya hivyo. Hoja hii ina faida moja ya kweli, nayo ni kwamba matokeo yanalinganishika na ya kwingine. Lakini kushusha mpaka hakubadilishi kilichopimwa. Zile alama nane hazimwambii daktari chochote kuhusu asiyesoma, kwa hiyo kipimo chake kimebaki na alama 22 tu zenye habari, na kosa la swali moja moja linakuwa zito zaidi. Isitoshe, "asiyesoma" si kundi moja. Kuna aliyefika darasa la pili, aliyejifunza kusoma katekisimu, aliyehitimu madrasa, na aliyepitia kisomo cha watu wazima cha miaka ya sabini. Utashusha ngapi kwa kila mmoja? Kosa hilohilo lilikuwa likinyemelea maswali ya shughuli za kila siku. Orodha ya Lawton na Brody ya mwaka 1969 huuliza kama mtu anaweza kutumia simu, kufua, kupika na kushika fedha zake. Babu ambaye hajapika tangu azaliwe hajapoteza uwezo wa kupika. Ndiyo maana Hai walitunga pia orodha yao, ya kuulizwa ndugu wa mzee, kwa kufuata kazi za kijijini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: ugonjwa hauna dawa ya kuuponya, wataalamu ni wachache, sasa kumpima mzee ni kwa faida ya nani? Jibu la kwanza ni kwamba si kila aliyechanganyikiwa ana dimensia. Malaria, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji mwilini na dawa zilizorundikana vinaweza kumvuruga mzee ghafla, na vingi katika hivyo vinatibika. Sonona nayo huiba kumbukumbu. Familia ikishasema "ni uzee tu", hakuna atakayetafuta chanzo, na pale tabia ya bibi inapobadilika kukiwa na majirani wenye imani za kichawi, maelezo mengine hutafutwa ambayo ni ya hatari. Jibu la pili limejaribiwa Hai kwenyewe. Tiba ya kuchangamsha akili kwa vikundi, iliyoanzia Uingereza ikiwa na vikao 14, ilibadilishwa ifae mazingira ya kijijini na kujaribiwa kwa wazee 34, bila dawa yoyote. Ufahamu wao ulipanda na wasiwasi ukapungua. Watu 34 ni wachache, na nisingejenga sera ya taifa juu yao. Wanatosha kuonyesha tu kwamba "hakuna cha kufanya" si kauli ya kitaalamu.

Pale ninapotofautiana na mashabiki wa kipimo hiki ni kwenye wazo la kukipitisha nyumba kwa nyumba. Tuchukue wazee 100, sita kati yao wakiwa na dimensia. Tuseme kipimo kinawanasa asilimia 85 ya wagonjwa na kuwaacha huru asilimia 85 ya wazima, kiwango kizuri kwa maswali ya dakika chache. Kitawanasa wagonjwa watano, na pamoja nao wazima 14. Kwa kila mgonjwa mmoja, familia karibu tatu zitaogopeshwa bure. Shughulikia kwanza macho yenye mtoto wa jicho, masikio yaliyoziba na vidole vilivyokakamaa kwa baridi yabisi, na idadi hiyo ya wazima itashuka, ndiyo kusema muuguzi ahakikishe kwanza mzee anasikia swali na anaziona njiti. Mahali pa kipimo ni zahanati au wodini, pale ambapo ndugu wameshaona badiliko au mzee mwenyewe amelalamika. Anayepata saba kushuka atibiwe kinachotibika, kisha apimwe tena kabla ya kupewa rufaa, na ndugu yake ahojiwe kando.

Hapo pia mwenendo wa mpimaji unaingia kwenye hesabu. Kumwuliza mtu mwenye wajukuu leo ni siku gani kunaweza kusikika kama dharau, na aliyekasirika hujibu kwa mkato au hanyanyui njiti kabisa. Shikamoo, nafasi ya kuketi vizuri, na maelezo kwamba maswali ni yale yale kwa kila mtu ni sehemu ya kipimo sawa na karatasi ya alama.

Linabaki suala la upande wa pili. Mwalimu mkuu mstaafu wa Dar es Salaam, mwenye miaka 40 ya kusahihisha madaftari, anaweza kuanza kupoteza uwezo wake na bado akapata 13 kati ya 15, kwa sababu daraja, siku na wanyama havimtoi jasho. Kwake pembetano na kutoa saba kutoka mia vinaweza kuona mapema kisichoonekana kwenye njiti. Kadiri waliosoma baada ya uhuru wanavyofikia miaka 70, na wameshaanza, kliniki moja itakuwa na wote wawili kwenye benchi, na muuguzi atalazimika kuuliza habari za shule kabla hajaamua avute droo ipi.