Kitabu Kipi cha Hesabu kwa Mtoto Asomaye Nyumbani?

Huko Marekani mzazi ana ruhusa ya kumsomesha mwanawe nyumbani badala ya kumpeleka skuli. Tangu mwaka 1993 jambo hili ni halali katika majimbo yote 50, ijapokuwa masharti yatafautiana: New York humtaka mzazi apeleke ripoti kila robo mwaka, na Texas haimtaki takriban chochote. Jamaa zetu wa mwambao waliohamia huko nao wana ruhusa hiyo hiyo. Na mama anayeazimia kumsomesha mtoto wa miaka mitano au sita hukabiliwa mara moja na suala hili: nishike kitabu kipi cha hesabu? Kusoma na kuandika hakumtishi sana. Hesabu ndiyo imtiayo baridi. Wauza vitabu waijua hofu hiyo, nao hupata riziki humo.

Basi natuvipime vitatu vinavyotumika sana, tuseme uzuri wa kila kimoja na aibu yake.

Cha kwanza ni Saxon. John Saxon alikuwa mwanajeshi wa anga aliyestaafu, akasomesha aljebra chuoni huko Oklahoma, akaanzisha kampuni yake ya vitabu mwaka 1981. Shauri lake ni kwamba mtoto apewe jambo jipya kidogo kidogo, na la zamani arudishiwe kila siku asilisahau. Vitabu vya watoto wadogo viliandikwa na Nancy Larson, na humo mwalimu ameandikiwa hata maneno ya kusema. Mama mwenye hofu hupata mkongojo hapa, na mkongojo si kitu cha kudharauliwa. Walakini mama aendeleaye kusoma maneno ya kitabu hali mwanawe amekwisha kufahamu tangu jana, au hali hajafahamu hata chembe, huyo asomesha ukurasa, na mtoto yuko kando.

Cha pili chatoka Singapore. Serikali ya huko iliunda taasisi ya mitaala mwaka 1980, na vitabu vyake viitwavyo Primary Mathematics vikaanza kutoka mwaka 1982. Njia yake yatokana na rai ya mwanachuoni wa Marekani, Jerome Bruner: kwanza mtoto ashike kitu mkononi, kisha akione katika picha, ndipo apewe tarakimu. Watoto wa Singapore walipotangulia mbele ya mataifa mengine katika mtihani wa TIMSS wa mwaka 1995, Wamarekani wengi walivitamani vitabu hivi. Na vyastahiki sifa, kwani kurasa zake hazina msongamano na masuala yake yamtaka mtoto afikiri. Ila hatua ya kwanza, ile ya mkono, haiwezi kupigwa chapa kitabuni. Hiyo ni kazi ya mwalimu. Mzazi anunuaye daftari la mazoezi peke yake, akaacha mwongozo wa mwalimu, ameiruka hatua hiyo, kisha hulalamika kwamba kitabu ni kigumu.

Cha tatu ni RightStart cha Joan Cotter. Kazi yake kubwa yafanywa kwa kibao cha shanga, kila mstari shanga kumi, tano za rangi moja na tano za rangi nyingine, ili jicho lione kuwa saba ni tano na mbili bila ya kuhesabu moja moja. Aibu yake ni kwamba chamtaka mama akae na mtoto tangu mwanzo wa somo hadi mwisho. Lakini kina jambo la kuzingatiwa sana: kwa muda chayaacha maneno ya Kiingereza eleven na twelve, kwa kuwa maneno hayo yaificha kumi iliyomo ndani yake, na mtoto hufundishwa kwanza kusema kumi-moja, kumi-mbili.

Hapa ndipo mama wa Kiswahili afumbue macho. Kumi na moja, kumi na mbili, mpaka kumi na tisa, ulimi wetu wasema wazi kilichomo. Kwenye ishirini na thelathini, zilizotoka katika Kiarabu, ndipo kumi zinapojificha. Nako pia twaweza kusema makumi mawili, makumi matatu, na mtoto akafahamu. La kusikitisha ni kwamba wako wazazi ughaibuni walioacha kuhesabu Kiswahili na watoto wao, kwa kudhani kitawachelewesha. Kisha hulipa dola kukinunua kwa Kiingereza kile walichorithi bure.

Wala pasiwe na pupa. Mwaka 1929 Louis Benezet, msimamizi wa skuli za mji wa Manchester, New Hampshire, aliakhirisha hesabu za kuandika kwa miaka kadhaa katika baadhi ya madarasa, akawataka watoto wapime, wakadirie na wazungumze. Kwa maelezo yake, walipozianza waliwafikia wenzao kwa muda mfupi. Hatusemi kila mzazi afanye vivyo. Lakini mtoto wa miaka mitano hajakosa kitu kwa kutojaza daftari.

Rai yetu basi ni hii. Mwenye nafasi ya kukaa na mwanawe ashike cha Cotter. Asiye na nafasi nyingi ashike cha Singapore pamoja na mwongozo wake. Na mwenye hofu ashike Saxon, lakini athubutu kufunga kitabu pale mtoto anapomwambia kwa macho yake kwamba hajafahamu. Asivibadilishe kila mwezi kama nguo. Na jikoni amkabidhi kibaba, ajionee mwenyewe kuwa vibaba vinne ni pishi moja. Kila jibu, liwe sawa au si sawa, amuulize: umejuaje?

Kwani mtoto ajibuye sawa asijue kwa nini, akikua hudhani thumuni ni kubwa kuliko sudusi kwa sababu nane ni nyingi kuliko sita. Na siku ya kugawiwa mirathi atapunjwa hali yuko papo hapo, naye ataitikia na kushukuru.