Buibui Hakustahili Taa ya Vipodozi

Mliotazama onyesho la upigaji picha za makro la wikiendi iliyopita mnajua ninakoelekea. Mpigapicha alishafunga flashi ya ringi yenye tyubu mbili mbele ya lenzi ya mm 100, imechaji, inasubiri amri tu. Buibui mrukaji akatulia juu ya jani. Hapo hapo jamaa akaivua flashi, akavisha taa ya ringi ya LED, eti watazamaji wauone mwanga kabla ya picha. Uamuzi huo ndio ulioiua picha, asisingiziwe buibui.

Tazameni hesabu aliyojitakia. Flashi ilimpa f/16 kwa ISO 200. LED zile hafifu zikamlazimisha kufungua hadi f/5.6 na kupandisha ISO hadi 3200. Kwa uwiano wa 1:1 kwenye sensa ya fremu kamili, f/16 inatoa kina cha ukali cha karibu milimita 2, f/5.6 haifiki hata milimita 0.7. Ndiyo maana macho mawili ya kati yalitoka makali, yale ya pembeni yakazama kwenye ukungu, na chenga za ISO hiyo zikavifuta vinyweleo vyote vya usoni.

Kisha buibui akachezesha vigusio vyake, kama wafanyavyo siku zote. Kwenye flashi, kinachogandisha mwendo ni mpigo wa mwanga wenyewe, na kwa umbali wa sentimita chache flashi hujikata mapema, mara nyingi chini ya 1/1000 ya sekunde. LED inawaka muda wote shata ikiwa wazi. Kwa 1/100 aliyoitumia, kila mtikisiko uliandikwa.

Macho nayo! Kuzeni jicho kubwa la kushoto: mduara wa vidoti vyeupe, balbu moja moja, unaweza kuzihesabu. Najua, flashi ya ringi nayo huacha duara. Lakini yenye tyubu mbili, kama Canon MR-14EX, inakuruhusu kupunguza upande mmoja hadi 1:8. Upande ule unafifia, kivuli kinaingia, uso unapata umbo. Taa iliyozunguka pande zote kwa nguvu sawa inatoa sura bapa kama picha ya pasipoti.

Kumsogelea buibui na kuweka fokasi kwa mkono: safi, hana deni.

Nimelalamikia taa hizi tangu zilipojaa madukani, na nitaendelea. Ni nzuri kwa wapaka vipodozi na wauza wigi mtandaoni. Kuiandika "flashi" kwenye boksi hakuifanyi iwe flashi.

Wazee walichagua kwa sababu. Lester Dine alipoleta flashi ya ringi mwaka 1952, shida ilikuwa kupiga picha za meno: kinywa ni shimo lenye giza, na mwanga wa pembeni unazibwa na mashavu. Nikon wakaijenga ndani kabisa ya lenzi ya Medical-Nikkor ya mm 200 mwaka 1962, kwa kuwa daktari alihitaji kidonda kionekane chote bila kivuli. Buibui si kidonda. Na mpigapicha Stephen Dalton, alipotaka wadudu wakiwa angani miaka ya 1970 na flashi za dukani zikawa taratibu mno, alitafuta ya kutengenezwa maalumu, ya 1/25,000 ya sekunde. Picha yake moja iliondoka na vyombo vya anga vya Voyager mwaka 1977. Huyu wetu alikuwa na flashi sahihi mkononi, akaiweka mezani.

Kwa hiyo ukienda kununua flashi ya ringi, usiulize ina balbu ngapi. Uliza ina tyubu ngapi, kama kila moja inapunguzwa peke yake, na namba yake ya mwongozo, yaani kipimo cha nguvu yake, ni ipi. Ile ya Canon ni 14 kwa ISO 100. Na kama unapiga mende wanaong'aa, ambao duara la ringi litaonekana mgongoni mwao, ruka ringi kabisa, chukua vichwa viwili kama vya Nikon R1C1. Muuzaji akianza kukusifia rangi za mwanga, ondoka.