Mzimu Haushiki Silaha

Riwaya za upelelezi zenye muuza maua na bustani ya miujiza zina wapenzi wengi. Kwetu Zanzibar, mahali pa miujiza ni mzimuni. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Muhammed Said Abdulla aliweka maiti papo hapo panapoogopwa. Bwana Msa, na kiko chake, hatafuti shetani, anatafuta mtu. Kasoro ipo: mawazo yake huyaficha hadi mwisho, msomaji asipate kushindana naye. Hata hivyo, kwa watoto wanaokulia hapa Fereej Bin Mahmoud, wanaosikia habari za kwao kwa masimulizi tu, kitabu hiki kinafaa: kinawapa mzimu, na kinawapa akili ya kuuhoji.