Mabao ya nyumbani yaliyokosekana: Jogoo katika fainali mbili

Wapenzi wa SC Villa ya Uganda, maarufu kama Jogoo, wanapoikumbuka fainali ya Klabu Bingwa Afrika ya 1991, lawama zote huishia Tunis. Huko, mwezi Novemba, Club Africain iliwatandika 6-2, kisha marudiano ya Nakivubo, Kampala, mwezi Desemba yakaisha 1-1 na kusahaulika kama mechi ya kukamilisha ratiba. Mwaka uliofuata Villa ilirudi fainali, safari hii ya Kombe la CAF lililokuwa likichezwa kwa mara ya kwanza. Ilitoka 0-0 nyumbani, ikafungwa 3-0 na Shooting Stars nchini Nigeria. Mabao 9 ugenini: hukumu inaonekana nyepesi. Lakini hesabu ina upande wa pili ambao hautajwi sana, nao ni kwamba katika dakika 180 za fainali mbele ya watu wake, Villa ilifunga bao moja tu.

Kipigo cha Tunis kilikuwa kizito, ila hakikufunga mlango. Yale mabao mawili ya ugenini yalikuwa mtaji: ushindi wa 4-0 Kampala ungeleta sare ya 6-6, na kanuni ya bao la ugenini ingewapa Villa kombe. Wageni wakipata moja, ingehitajika 5-1, yaani 7-7, mawili ya ugenini dhidi ya moja. Ni mlima, sikatai, tena mbele ya timu iliyotoka kufunga sita. Hata hivyo hesabu ya namna hiyo huipangia timu kazi yake: bao la mapema, mabeki wa pembeni kupanda, nafasi kuachwa nyuma kwa makusudi. Villa ilikuwa na Majid Musisi mbele na Paul Hasule kwenye ngome, na ilikuwa imetwaa ligi ya Uganda miaka mitano mfululizo, 1986 hadi 1990. Timu kama hiyo haikukosa vipaji vya kufunga. Ilipata bao moja, ikaruhusu moja, na jumla ikawa 7-3.

Utaambiwa kwamba baada ya 6-2 wachezaji walikuwa wamekwisha kukata tamaa, kwa hiyo 1-1 haithibitishi lolote. Ingekuwa hoja nzuri kama isingekuwapo 1992. Mwaka ule mkondo wa kwanza ulichezwa Kampala, hakuna deni, hakuna aliyekata tamaa, na bado bao halikuja. Pingamizi zito zaidi ni la Musisi, ambaye mwaka huohuo alikwenda Rennes, Ufaransa. Hilo nalikubali kwa nusu, kwa kuwa kuondokewa na mfungaji wa kiwango chake ni pigo, lakini mwaka mmoja nyuma alikuwa bado Jogoo na mavuno ya nyumbani yalikuwa haba vilevile. Wengine husema 0-0 nyumbani si matokeo mabaya, maana sare yoyote ya mabao ugenini ingetosha. Kikanuni ni kweli. Kiuchezaji, inakupeleka ugenini bila akiba.

Ongeza Simba, timu ya jeshi la Uganda, katika fainali ya Klabu Bingwa ya 1972. Ilifungwa 4-2 na Hafia huko Conakry, ikahitaji 2-0 tu Kampala ili mambo yalingane, ikapoteza 3-2. Fainali tatu, marudiano mawili nyumbani na moja ugenini, kwa hiyo mpangilio wa mikondo si maelezo. Yule anayesema kumalizia nyumbani ni faida ajibu kwanza hapo. Mechi tatu ni sampuli ndogo, na wapinzani hawakuwa wanyonge: Hafia ilitwaa kombe hilo mara tatu ndani ya muongo mmoja, na Club Africain ikawa klabu ya kwanza ya Tunisia kulichukua. Hata hivyo matokeo ya Kampala yako palepale: 2-3, 1-1, 0-0, wala hakuna ushindi hata mmoja. Kwenye karatasi, 1-0 ya nyumbani mwaka 1992 isingefuta 3-0 ya Nigeria. Ila Shooting Stars wangeanza wakiwa nyuma, wakilazimika kupandisha watu mapema, na Villa ingekaa nyuma ikisubiri kuwapiga kwa mashambulizi ya kushtukiza.