Picha za Deadwood Zisomwe kwa Tarehe

Picha kuukuu za miji ya migodi ya magharibi mwa Marekani zina mashabiki sugu. Wanazinunua moja moja: barabara ya matope, saluni, wanaume wenye ndevu wamesimama mbele ya shimo la dhahabu. Sokoni maswali ni yaleyale. Imefifia? Kadi imevunjika pembe? Muhuri wa studio upo? Sawa, pesa ni pesa. Mimi shida yangu ni swali linalofuata: iwekwe albamu gani?

Hebu tumtazame John C. H. Grabill. Kati ya 1887 na 1892 alipeleka picha 188 kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani ili alinde hakimiliki yake, na leo yeyote mwenye bando anaweza kuzitazama bure. Jamaa aliijua kazi yake. Mwaka wa 1888 anapanda kilimani, anaielekezea kamera Deadwood kule bondeni, na nyumba za mbao zinaingia zote zikiwa zimebanana utadhani zinaogopa kuteleza. Picha kali, sina ubishi. Lakini Grabill huyohuyo alijitambulisha kuwa mpiga picha rasmi wa kampuni ya mgodi wa Homestake. Sasa ukizitundika ukutani, ujue kazi zake nyingine zina harufu ya tangazo.

Mwaka huohuo alipiga picha ya kikosi cha Wachina wa Deadwood walioshinda mbio za kuvuta mpira wa zima moto, tarehe 4 Julai. Maelezo yake yanawaita mabingwa wa Marekani. Majina yao? Hakuna hata moja. Na sheria ya 1882 ilikuwa imewafungia mlango vibarua kutoka Uchina, ikakataza pia Wachina kupewa uraia. Mabingwa wa nchi ambayo haikutaka wawe raia wake! Ukiijua hiyo, huwezi tena kuiona picha hii kama kichekesho cha sikukuu.

Halafu kuna picha ya 1891. Walakota kumi na mmoja, watu wazima na watoto, mbele ya hema. Maelezo ya Grabill yanasema hawa ndio waliobaki wa kundi la Big Foot. Waliobaki baada ya nini? Baada ya mauaji ya Wounded Knee, Desemba 29, 1890, ambako wanajeshi waliwamiminia risasi wanaume, wanawake na watoto.

Hapo ndipo albamu zinapotudanganya. Anayekusanya migodi ataiacha hiyo picha, kwani haina mgodi. Itachukuliwa na mwenzake anayekusanya "Wahindi". Kila mmoja atakuwa na mkusanyiko safi, uliopangika, na hakuna atakayelazimika kuuliza kwa nini mpiga picha ni mmoja.

Jibu liko kwenye ardhi yenyewe. Mkataba wa 1868 uliwaachia Walakota milima ya Black Hills. Dhahabu ikatajwa mwaka wa 1874, Deadwood ikachipuka 1876, na 1877 Bunge la Marekani likaitwaa milima hiyo. Yaani ule mji uliobanana bondeni ulianza kujengwa mkataba ukiwa bado upo.

Na usidhani ni mambo ya kale. Mwaka wa 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Walakota wanastahili fidia, ambayo pamoja na riba ilipita dola milioni 100. Wamekataa kuichukua. Wanataka milima yao.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa mkusanyaji ni mwepisi, na hauhitaji kununua chochote. Acha kupanga kwa mada, panga kwa tarehe. Weka mji, mabingwa wasio na majina na wale kumi na mmoja kwenye ukurasa mmoja. Thamani ya kila kadi sokoni itabaki ileile. Ila sasa utakuwa unajua umenunua nini.