Neno "Haki": Ukoo Wake na Mzigo Tuliolitwika

Miongoni mwa maneno mafupi ya Kiswahili ambayo hayampi msomaji taabu yoyote, lakini humpa mfasiri taabu kubwa, ni neno haki. Lina herufi nne tu. Mtoto wa shule ya msingi analijua, mzee wa kijijini analitumia katika kiapo, na Katiba ya nchi imelitegemea kutoka ibara hadi ibara. Lakini mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na tangu hapo neno hili limetwikwa mzigo mpya. Sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza hazina budi kufasiriwa, na mara kwa mara mfasiri hukutana na maneno mawili ya Kiingereza, "right" na "justice", ambayo kwa Kiswahili yote mawili huangukia mahali pamoja.

Kutokana na hali hiyo tumekuwa tukizisikia rai mbili katika mazungumzo na wafasiri na walimu. Ya kwanza yasema kwamba haki ni neno la mahakamani kwa asili yake, maadamu ndilo mama wa hakimu, hukumu na mahakama. Ya pili yasema kwamba Kiswahili kimepungukiwa, na kwamba dawa ni kuunda istilahi mpya ili neno haki libaki na maana moja tu. Katika makala haya tunakusudia kuzipima rai hizo. Tutaonyesha kwamba ya kwanza ni kosa la asili ya maneno, na kwamba ya pili ni dawa kali mno kwa ugonjwa mdogo. Kisha tutaonyesha mahali ambapo ugonjwa upo kweli.

Ukoo wa neno

Haki ni neno la Kiarabu, haqq, ambalo wingi wake ni huquq. Kwa Kiarabu lina maana ya kweli, ya jambo lililothibiti, na ya kile ambacho mtu anastahili kupewa. Al-Haqq ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu katika Uislamu. Lugha ya Kiebrania, ambayo ni ndugu wa Kiarabu, inao mzizi huo huo kwa maana ya kuchonga au kuchora, na humo limetoka neno hoq, yaani amri au sheria iliyowekwa. Tukiziweka maana hizi pamoja tunaona wazo moja: jambo lililokwisha kukatwa na kuthibitishwa, lisiloweza kufutwa kwa urahisi.

Maana ya kweli haijatutoka. Mtu anapoapa "Haki ya Mungu!" hadai kitu chochote, wala hataji mahakama, anashuhudia kwamba asemalo ni kweli. Kutoka mzizi huo huo tumepata hakika, uhakika, kuhakiki, mhakiki na uhakiki. Kwa hiyo mwalimu wa fasihi anayehakiki riwaya anatumia neno la ukoo mmoja na wakili anayedai haki ya mteja wake. Kadhalika kitenzi kustahiki, na nomino stahiki ambayo watumishi wa serikali wanaijua sana, ni wa ukoo huo. Kustahili, ambalo linafanana nalo kwa sura na kwa maana, ni la mzizi mwingine.

Sasa tuitazame rai ya kwanza. Hakimu, hukumu, mahakama na hekima ni watoto wa mzizi mwingine kabisa, wenye maana ya kutawala, kuamua na kuwa na busara. Katika Kiarabu mizizi hii miwili haiwezi kuchanganywa, kwa sababu haki huandikwa kwa herufi qaf, inayotamkwa nyuma kooni, na hukumu huandikwa kwa kaf. Kiswahili Sanifu hakina tofauti hiyo. Qaf na kaf zote mbili zimekuwa k, na ndipo maneno yasiyohusiana yakaonekana kuwa ndugu. Hausa imeihifadhi tofauti hiyo: haƙƙi huandikwa kwa ƙ yenye kikonyo, na hukunci, yaani hukumu, huandikwa kwa k ya kawaida. Kisomali nacho, kilichopata maandishi rasmi ya Kilatini mwaka 1972, huandika xaq kwa haki na xukun kwa hukumu.

Jambo hili si la wapenzi wa asili ya maneno peke yao. Anayefundisha kwamba haki imetokana na hakimu, au hakimu na haki, anamfundisha mwanafunzi kwamba haki ni kitu kinachotengenezwa mahakamani. Historia ya neno yasema kinyume. Haki huwapo kabla ya hakimu. Hakimu huitwa ili aithibitishe.

Jinsi majirani walivyogawana

Neno hili limesafiri pamoja na dini ya Kiislamu na biashara, likaingia katika lugha nyingi zisizo na udugu wowote. Kituruki kina hak kwa maana ya haki ya mtu, na kile ambacho kwa Kiarabu ni wingi tu, hukuk, kimekuwa jina la taaluma nzima ya sheria. Kiajemi kimelichukua umbo hilo la wingi na kuliongezea maana ya mshahara, yaani kile ambacho mfanyakazi anakidai mwisho wa mwezi. Kiindonesia kina hak, na huita hakimiliki ya mtunzi hak cipta, yaani haki ya kitu kilichobuniwa. Hausa huita jambo hilo haƙƙin mallaka, neno ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa.

Lakini tazama lugha hizo zinavyofanya panapohitajika neno la "justice". Kituruki husema adalet, Kiindonesia keadilan, Hausa adalci, Kisomali caddaalad. Zote nne zimeliacha neno haqq kando na kulikimbilia neno jingine la Kiarabu, adl. Haki ya mtu imepewa neno moja, na uamuzi wa haki umepewa neno jingine.

Kiswahili nacho kinalo neno hilo la pili: adili, uadilifu na maadili. Kwa nini basi hatukufanya kama majirani? Jibu, kwa maoni yetu, ni kwamba kwetu neno hilo lilishika njia nyingine. Limekuwa jina la tabia njema ya mtu. Tunaposema kiongozi mwadilifu tunausifu mwenendo wake, na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inahusu mienendo ya viongozi, wala haihusu uamuzi wa mashauri. Nafasi iliyoachwa wazi na adili ilijazwa na haki. Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, iliongeza tena uzito, kwani humo mwenye haki ni mtu mwema mbele za Mungu, na kuhesabiwa haki ni kukubaliwa naye. Ndiyo maana leo neno hili moja limebeba kweli, stahiki, wema, uamuzi wa haki, na dai la mtu linalolindwa na sheria.

Je, tuunde neno jipya?

Wanaotaka istilahi mpya hupendekeza uadilifu, na wengine hupendekeza insafu, neno zuri la pwani ambalo wengi wa wasomaji wa bara hawalijui. La kwanza lina kazi nyingine, kama tulivyoonyesha. La pili lingemlazimu mwananchi kujifunza upya jina la kitu anachokijua tangu utotoni.

Zaidi ya hayo, si kweli kwamba neno lenye maana mbili ni dalili ya umaskini wa lugha. Neno Recht la Kijerumani ni sheria na ni haki. Neno droit la Kifaransa ni hivyo hivyo. Mataifa hayo mawili yametunga vitabu vya sheria vilivyoigwa duniani kote, na hayakuona haja ya kulivunja neno lao. Wanasheria wao husema sheria "ya nje" na haki "ya mwenyewe" kwa kuongeza kivumishi pale tu inapohitajika. Kwingineko maneno yanayolizunguka yanatosha.

Kiswahili kina silaha iliyo bora zaidi, nayo ni upatanisho wa kisarufi. Haki kwa maana ya dai la mtu ina mwenyewe na ina kitu kinachodaiwa: haki ya mtoto, haki ya kupiga kura. Inahesabika pia, na wingi wake huonekana katika viambishi: haki hizi, haki zote, haki zinalindwa. Haki kwa maana ya pili haina wingi wala haidai mwenyewe, na huambatana na vitenzi vyake maalumu: haki hutendwa, hutolewa, hutendeka. Hakuna Mswahili atakayesema "haki zimetendeka" kwa hukumu moja. Katiba ya mwaka 1977 inathibitisha jambo hili. Katika Ibara ya 13, inayohusu usawa mbele ya sheria, neno haki limekuja mara mbili katika sentensi moja, kila mara kwa maana yake, na hatujapata kumwona msomaji aliyejikwaa hapo. Ibara ya 107A, iliyoongezwa mwaka 2000, inazungumza juu ya utoaji haki, na hapana anayedhani kwamba Mahakama inagawa haki za kupiga kura.

Mahali penye ugonjwa

Hata hivyo hatusemi kwamba hakuna hatari. Hatari ipo pale mfasiri anapoiondoa sarufi inayomlinda msomaji.

Tumepata kuona rasimu ya tangazo la ofisi moja, lililokusudiwa kubandikwa mlangoni, ambalo lilimwambia mwananchi kwamba akifika hapo "atapata haki yake". Matini ya Kiingereza ilikuwa inazungumzia kusikilizwa bila upendeleo. Lakini kwa Kiswahili haki yake ni kile anachostahili kupewa. Ndivyo ilivyo katika methali: "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Mtu mwenye mgogoro wa shamba akilisoma tangazo hilo ataelewa kwamba shamba atarudishiwa. Jirani yake, wanayeshindana naye, atalisoma na kuelewa vivyo hivyo. Mmoja wao atashindwa, na atarudi nyumbani akisema kwamba serikali ilimwahidi haki yake kisha ikaila. Kiambishi kimoja cha umilikishi kimegeuza ahadi ya usikilizwaji kuwa ahadi ya ushindi. Ingaliandikwa "atatendewa haki", pasingekuwa na ahadi ya uongo.

Mfano wa pili ni maneno ya kuunganisha. Sheria ya mwaka 1999 imetuzoesha hakimiliki na hakishiriki. Muundo huo unaeleweka: haki ya kumiliki, haki iliyo shirika na hiyo. (Hatimiliki ni kitu kingine, yaani hati ya kumilikia ardhi, na wanaoyabadilishana maneno haya wanapotosha mikataba.) Siku hizi pamezoeleka pia haki jinai, neno lililoenea sana tangu mwaka 2023 ilipoundwa Tume ya Rais ya kuangalia jinsi ya kuboresha taasisi za haki jinai. Kwa ufupi wake linafaa, na wanasheria wamekwisha kulikubali. Lakini kwa muundo ule wa hakimiliki, msomaji wa kawaida anaweza kudhani kwamba ni haki ya kutenda jinai. Katika matini ya wananchi wote ni salama zaidi kusema "utoaji haki katika mashauri ya jinai", hata kama maneno yanaongezeka.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo:

1. Neno haki liachwe na maana zake zote mbili za kisheria, wala lisiundiwe mbadala.

2. Kwa dai la mtu, mfasiri amtaje mwenye haki au kitu anachokidai, na atumie wingi inapofaa: haki za wafungwa, haki ya kukata rufaa.

3. Kwa uamuzi na uendeshaji wa mashauri, atumie vitenzi kutenda, kutendewa na kutoa, na ajiepushe na vimilikishi yangu, yako na yake.

4. Malipo na marupurupu ya mtumishi yaitwe stahiki, ili neno haki lipunguziwe mzigo mmoja.

5. Walimu waache kufundisha haki na hakimu kuwa maneno ya mzizi mmoja.

Tunajua kwamba wapo wafasiri, hasa walio karibu na mahakama za mwanzo, waliokutana na mifano inayopingana na pendekezo letu la tatu. Tungefurahi kuletewa mifano hiyo pamoja na sentensi kamili zilimotumika, ili iweze kujadiliwa katika kurasa hizi.