Taji Juu ya Bapa

Thamani ya kisu cha kale haitokani na taji peke yake. Yafaa hukumu hii itangulizwe, maana macho ya watu wengi yakiisha kuona taji hayataki tena kuona kitu kingine.

Tuseme, ndugu msomaji, kwamba katika nyumba moja ya Gatina, upande wa Kawangware, babu aliyepata kufanya kazi kwa Wazungu ameacha kisu cha kukunja cha Kiingereza. Kifungue polepole. Mahali bapa linapoingia mpinini pamepigwa chapa: taji, na kando yake herufi G na R. Jirani atasema kisu hiki kilikuwa cha mfalme. Je, ni kweli?

Herufi R husimama badala ya neno la Kilatini, Rex, yaani mfalme, au Regina, yaani malkia. Herufi inayotangulia ni ya jina lake. V ni Victoria, aliyetawala tangu 1837 hata 1901. E huweza kuwa Edward wa Saba, 1901 hata 1910, au Elizabeth wa Pili, 1952 hata 2022. G ina shaka zaidi: George wa Nne alifariki mwaka 1830, lakini George wa Tano alianza kutawala 1910, na George wa Sita akafariki 1952.

Hapo hapana budi kuwaita mashahidi wengine. Neno ENGLAND lilienea katika chapa baada ya sheria ya Marekani ya 1890, iliyotaka bidhaa za kigeni zitaje nchi zilikotoka. Chuma kisichoshika kutu kilitokea Sheffield mwaka 1913, kwa kazi ya Harry Brearley. Kisu chenye bapa la chuma hicho hakiwezi kuwa cha enzi ya George wa Nne, hata muuzaji akiapa.

Wala taji si ushahidi kwamba mfalme alikishika kisu. Kiwanda cha Joseph Rodgers cha Sheffield kilipata kibali cha kifalme katika miaka ya 1820, kikaitangaza heshima hiyo kwa chapa katika visu vilivyouzwa kwa watu wote. Taji lamsifu mtengenezaji; halimtaji mwenye kisu. Basi mtengenezaji apimwe kwa kazi yake. Sikiliza mlio wa kamani bapa linapofunguka. Tazama kama limesimama bila kuyumba. Pitisha kidole pale mpini unapokutana na chuma. Kazi njema haina mwanya wala ukingo unaokwaruza.

Kisha utazame mpini. Mfupa huonyesha vitundu vidogo. Pembe ya ndovu huonyesha mistari myembamba. Viwanda vya Sheffield vilitumia pembe nyingi, na katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kubwa la pembe zilizotoka bara mabegani mwa wapagazi na watumwa. Majina yao hayakupigwa chapa popote. Mwezi wa Aprili 2016 Kenya iliteketeza tani 105 za pembe mjini Nairobi, na biashara yake ni marufuku nchini. Kwa hiyo kisu chenye mpini huo si mali ya kupelekwa sokoni.

Usikidharau kisu cha babu, wala usikitukuze kwa sababu ya taji. Kisome chote, bapa na mpini, ndipo utoe hukumu yako.